Adabu za kuoga onseni: mwongozo kwa anayekwenda Japani mara ya kwanza

Wengi wetu tukisikia kwamba katika mabafu ya Kijapani watu huingia uchi wa mnyama, bosi na karani wake, mzee na kijana, maswali yote huishia hapo hapo kwenye uchi. Mjapani aliyeketi ndani ya hodhi hana habari na uchi wako. Macho yake yako kwenye maji. Anataka kujua kama utaoga kwanza, kama kitaulo chako kitabaki nje, kama sabuni imekwisha mwilini. Ukilishika hilo, karibu kila katazo utakaloliona ukutani litajieleza lenyewe, hata kama husomi Kijapani.

Haya yaliyomo humu ni kwa ajili ya mtu anayekwenda kusoma, kutembea au kuhudhuria mafunzo kama yale ya JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, kisha wenzake wakamwambia mwisho wa wiki: twende onseni. Mwaliko wa namna hiyo ni wa kirafiki kabisa. Usiukimbie kwa sababu tu hujui pa kuanzia.

Jua kwanza unakwenda bafu gani

Onseni ni chemchemi ya maji ya moto, na jina lenyewe linalindwa na sheria ya mwaka 1948. Maji yakitoka ardhini lazima yawe na joto la nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi, au yawe na kiwango kilichowekwa cha angalau kiambato kimoja kati ya 19 vilivyotajwa na sheria hiyo. Sento ni bafu la mtaa, na mara nyingi maji yake ni ya kawaida yaliyopashwa moto. Tokyo bei ya juu ya sento kwa mtu mzima iliwekwa kuwa yeni 550 Agosti 2024, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia bila kutumia fedha nyingi. Riokani ni nyumba ya wageni ya kienyeji, ambako chakula, malazi na bafu huenda pamoja. Riokani nyingi hupokea pia wageni wa mchana wanaotaka kuoga tu na kuondoka. Uliza saa zao mapema, maana nyingi hufunga mlango huo alasiri ili kuwapisha wanaolala.

Onseni nyingi hutoza kodi ndogo ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu mzima. Usishangae ukiiona kwenye risiti ya hoteli, hujaibiwa.

Mabafu mengi yametenganisha wanaume na wanawake. Yapo machache ya mchanganyiko, hasa milimani, kama baadhi ya yale ya Nyuto katika mkoa wa Akita. Kwa mara ya kwanza sikushauri.

Sasa suala la kujisitiri, maana kwa msomaji Mwislamu hili si haya tu, ni sheria ya dini. Ndani ya hodhi la pamoja nguo za kuogelea haziruhusiwi, na taulo pia haliingii majini. Ukiwa na wenzako wa jinsia yako bado utakuwa wazi kuanzia kitovu hadi magoti. Njia za kulikwepa hilo zipo, na hakuna atakayekuona wa ajabu ukizichagua:

- Bafu la kukodi, linaloitwa kashikiri. Unalipia, mara nyingi kwa dakika 45 au 50, unafunga mlango, na humo ndani mko wewe na mwenzi wako au watoto wenu, au wewe peke yako. Hoteli nyingine huwapa wageni wake bure.
- Chumba cha riokani chenye hodhi lake la nje. Ni ghali, lakini huna haja ya kupangiana zamu na mtu.
- Bafu la miguu, ashiyu. Unavua viatu na soksi, unakunja suruali, unatumbukiza miguu. Yako mengi mitaani katika miji ya onseni na aghalabu ni ya bure. Beba kitaulo chako cha kujifutia.
- Mahali palipopangwa kwa nguo za kuogelea, kama Yunessun ya Hakone. Hapo familia nzima huingia pamoja. Mjapani mzee atakuambia hiyo si onseni ya kweli, na ana haki ya kusema hivyo, lakini maji ni ya moto na umejisitiri.

Mambo ya kumaliza kabla hujatoka nyumbani

Tatuu. Hili ndilo linalowarudisha wageni wengi mlangoni. Serikali ya Japani ya enzi ya mfalme Meiji ilipiga tatuu marufuku mwaka 1872, zikaruhusiwa tena 1948, na baadaye picha za mwili mzima zikawa alama ya magenge ya yakuza. Mabafu yakaamua kuwazuia wahuni kwa kuzuia tatuu zote. Uchunguzi wa Shirika la Utalii la Japani wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 56 ya sehemu zilizojibu zilikataa watu wenye tatuu, na asilimia 31 hivi ziliwapokea. Zilizobaki zilitaka ifunikwe. Tatuu ndogo huzibwa kwa plasta maalumu ya rangi ya ngozi inayouzwa madukani, ila nyingi zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe, kwa hiyo juu ya ngozi yetu zitaonekana kama bendera. Plasta ya kahawia ununue kwenu kabla ya safari. Ukiwa na tatuu kubwa, nenda Kinosaki, mkoa wa Hyogo, mji uliojijengea jina kwa mabafu yake 7 ya umma na ambao hauzuii tatuu. Vinginevyo kodi bafu la faragha.

Hina na piko. Waongozaji wa Kizungu hawaliandiki hili kwa kuwa haliwahusu. Dada aliyetoka arusini Mombasa au Unguja akiwa na maua ya piko nyeusi mikononi na miguuni, kwa mhudumu wa onseni amechora tatuu. Kueleza kwa lugha ya ishara kwamba itafutika baada ya wiki mbili ni kazi. Ama subiri ififie, ama onyesha kaunta maandishi ya Kijapani kwenye simu kabla hujalipa, wakukubalie au wakukatalie mapema.

Shanga za kiunoni, cheni, pete, hereni: acha chumbani. Maji yenye salfa huifanya fedha iwe nyeusi, na shanga zikikatika ndani ya hodhi utaziokota mbele ya watu, moja moja.

Nywele. Sharti ni kwamba nywele zisiguse maji. Misuko mirefu na rasta zikunje juu ya kichwa uzifunge kwa bendi imara. Kofia ya plastiki ya kuogea nayo ni sawa. Wigi livue. Huna haja ya kuosha nywele ukiwa umesuka jana, maana kinachotakiwa ni mwili safi na nywele zilizofungwa.

Afya. Ukutani katika chumba cha kuvulia nguo kuna karatasi inayoeleza viambato vya maji na magonjwa ambayo hayafai kuingia nayo. Mwenye ugonjwa mkali wa moyo au homa asiingie. Mwenye presha amuulize daktari wake kwanza na akae kwenye maji yasiyo makali. Mimba ilikuwa kwenye orodha hiyo ya makatazo hadi ilipoondolewa mwaka 2014, lakini mjamzito bado aulize kliniki, na achunge asiteleze. Aliye kwenye hedhi asubiri. Pombe na maji ya moto havipatani: kunywa baada ya kuoga kama unakunywa, kamwe si kabla. Na usiende mara tu baada ya kula ukashiba.

Watoto. Mwongozo wa serikali tangu 2020 unasema mtoto wa miaka 7 hivi na kuendelea asiingie upande wa jinsia nyingine. Tokyo ilibadilisha kanuni yake Januari 2022. Kwa hiyo mama mwenye mvulana wa miaka minane amtafutie baba au mjomba wa kuingia naye, au akodi kashikiri. Mtoto ambaye bado anavaa nepi mara nyingi haruhusiwi katika hodhi la pamoja.

Na lile swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: je, nitakataliwa kwa rangi yangu? Limewahi kutokea. Bafu moja la Otaru, Hokkaido, liliweka tangazo la kuzuia wageni wa kigeni, likashtakiwa, na Novemba 2002 mahakama ya wilaya ya Sapporo ikaliamuru kuwalipa walalamikaji watatu yeni milioni 1 kila mmoja. Leo kinachokusubiri zaidi ni kutazamwa, hasa vijijini, na watoto na wazee ambao hawajawahi kukaa karibu na Mwafrika. Itikia kwa kichwa, tabasamu, endelea na shughuli yako. Mara nyingi yule mzee aliyekukodolea ndiye atakayekuonyesha kigoda kilicho wazi.

Mlangoni

1. Tafuta alama ya ♨ au herufi ゆ kwenye pazia fupi la mlangoni. Vua viatu penye ngazi. Usikanyage sakafu ya juu na viatu hata hatua moja. Viweke kwenye kabati la viatu na ubaki na ufunguo.

2. Lipa. Sehemu nyingi zina mashine ya tiketi: unatia fedha, unabonyeza kitufe, unapeleka tiketi kaunta. Mataulo hukodishwa au huuzwa hapo hapo. Unahitaji mawili: kubwa la kujikaushia na dogo la kuingia nalo bafuni. Uwe na sarafu ya yeni 100, kwa kuwa makabati mengine huifunga sarafu na kuirudisha ukimaliza.

3. Angalia pazia la pili. 男 ni wanaume, na pazia mara nyingi ni la buluu. 女 ni wanawake, mara nyingi jekundu. Shika herufi, usitegemee rangi peke yake.

Chumba cha kuvulia nguo

Vua kila kitu. Nguo zote, chupi nayo. Weka kwenye kikapu au kabati pamoja na taulo kubwa, kisha ingia na kitaulo kidogo tu. Ukitaka kujifunika nacho mbele wakati unatembea, ni ruhusa na wengi hufanya hivyo. Simu hubaki kabatini, hata kama ni ya kuingia majini, hata kama hodhi liko tupu na mlima unaonekana vizuri. Kupiga picha humo ndilo kosa ambalo hakuna mgeni anayesamehewa. Ukitaka picha za bafu, tovuti ya hoteli inazo.

Dakika mbili za kwanza ni ngumu, sitakudanganya. Ya tatu unaanza kugundua kwamba hakuna anayekutazama, kila mtu ana mgongo wake wa kusugua.

Kuoga kabla ya kuoga

Hapa ndipo adabu yote ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Karibu na mlango kwa kawaida kuna maji na kikombe kikubwa au kibeseni cha mbao. Teka, ujimwagie kuanzia miguuni ukipanda magotini, kiunoni, mabegani. Aliyekulia kwenye kuoga kwa ndoo na kopo hapa hana la kufundishwa. Maana yake ni mbili: unaondoa vumbi la juu juu, na unauzoesha moyo joto kabla haujashtuka.

Halafu nenda kwenye safu ya shawa. Chukua kigoda, kioshe, ukalie. Kukaa ni lazima, kwa sababu ukisimama povu lako linamrukia jirani. Sabuni ya maji na shampuu mara nyingi zipo hapo bure. Kwenye sento za zamani na mabafu ya umma ya vijijini huenda ukahitaji kubeba zako. Jisugue mwili mzima kwa kitaulo chenye povu: shingo, makwapa, kati ya vidole vya miguu, kila mahali. Wenyeji huchukua muda mrefu hapa, na mgeni anayejimwagia sekunde kumi kisha akaelekea hodhini huamsha minong'ono.

Kwa sisi tunaojipaka mafuta kila asubuhi kuna la ziada. Vaseline na mafuta ya nazi havitoki kwa povu la kwanza, na vikibaki vitaelea juu ya maji kama utando. Sugua mara mbili. Kisha jisuuze mpaka sabuni iishe kabisa, suuza kitaulo, mwaga maji kwenye kigoda na beseni, uviache kama ulivyovikuta. Shawa iwe imefungwa. Usiweke vitu vyako kwenye nafasi ya kuogea ukaenda zako hodhini, kana kwamba unashikilia kiti.

Huko Beppu, mkoa wa Oita, mji wenye wanafunzi wengi wa kigeni kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific, utakuta mabafu ya mtaa yasiyo na shawa hata moja. Takegawara, lililoanzishwa 1879, ni mojawapo ya mabafu maarufu ya mji huo, na umaarufu wake mwingine ni kuzikwa kwenye mchanga wa moto. Kwenye mabafu ya aina hii unaketi sakafuni pembeni mwa hodhi, unateka maji kwa beseni, unaoga ukiwa umegeukia mfereji wa maji machafu ili povu lisirudi hodhini. Ukikaa vibaya mama mmoja atakugeuza. Mshukuru tu.

Ndani ya maji

Ingia polepole, mguu kwanza, bila kurusha maji. Joto la kawaida ni nyuzi 40 hadi 42; hodhi la nje, rotenburo, mara nyingi ni pungufu kidogo kwa sababu ya upepo, na ndiko ningekushauri uanzie.

Kitaulo kikunje ukiweke kichwani au pembeni kwenye jiwe. Kisiguse maji, na usikikamulie ndani. Usizamishe kichwa. Usiogelee, hata hodhi likiwa refu kiasi gani. Usijisugue ngozi humo. Mazungumzo ya sauti ya chini yanaruhusiwa, na vijijini watu hupiga soga kweli kweli. Kinachokera ni kelele na vicheko vya kuitana toka upande huu hadi ule.

Maji yakiwa makali mno, usikimbilie bomba la baridi. Kwenye mabafu ya mtaa wapo wazee wanaoyapenda hivyo hivyo, na kuyapoza bila kuomba ni kuwaharibia. Uliza kwa ishara, au toka. Kusatsu, mkoa wa Gunma, ambako maji hutoka ya moto sana na yenye asidi kali, wana desturi ya kuyakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba, ili yapoe bila kuongezwa maji mengine yatakayoipunguza nguvu ya chemchemi. Hiyo inakupa picha ya jinsi wanavyoyathamini.

Kaa dakika tano hadi kumi, toka, keti pembeni upoe, rudi ukitaka. Kushindana na wenyeji hakuna tuzo. Wao wameanza utotoni. Kichwa kikianza kuwa chepesi au moyo kudunda, toka taratibu ukishika ukingo, maana kusimama ghafla ndiko kunakoangusha watu. Ukiona mwenzako amelegea, mwite mhudumu mara moja.

Kutoka

Kamua kitaulo, jifute mwili wote kabla hujavuka mlango wa kurudi kwenye chumba cha nguo. Sakafu kavu ya chumba hicho ni heshima kwa anayevaa soksi. Wajapani wengi hawajisuuzi mwishoni, ili madini yabaki mwilini. Kama ngozi yako ni nyepesi kuwasha, au umetoka kwenye maji ya asidi kama ya Kusatsu, jimwagie maji safi na upake mafuta, hakuna atakayekulaumu.

Kunywa maji. Baadaye nunua maziwa ya baridi ya chupa, ya kawaida au ya kahawa, kwenye friji ya ukumbini. Ndiyo desturi, na hayana kileo.

Ukilala riokani

Utakuta yukata chumbani, vazi jepesi la pamba kama kanzu iliyo wazi mbele. Unaweza kwenda nalo bafuni, mkahawani, na katika miji kama Kinosaki hata barabarani. Upande wa kushoto uje juu ya ule wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti, na mhudumu akikuona hivyo atakimbia kukurekebisha. Ndara za ukumbini huvuliwa kabla ya kukanyaga mikeka ya tatami, na ndara za chooni hubaki chooni.

Bahashishi haitolewi. Muda wa chakula cha jioni ni wa kuheshimiwa, kwa hiyo oga kabla, halafu rudi tena usiku ukipenda. Wengi huoga mara tatu, jioni, kabla ya kulala na alfajiri. Ukishuka hiyo alfajiri usiende kwa mazoea. Riokani nyingi hubadilisha pande usiku, ili kila mgeni aonje mabafu yote mawili, na lile ulilooga jana jioni leo ni la jinsia nyingine. Soma herufi kwenye pazia upya kabla hujalisukuma.